Nilijenga mfumo wa kuombea kazi za madevelopa, haya ndo yaliyonikuta

Wakuu, juzi nimekaa na dogo mmoja Kijitonyama karibu masaa matatu, anataka kuanzisha kitu kama nilichoanzisha mimi, yaani apu ya mtandaoni ambayo kampuni zinaweka nafasi za kazi na madevelopa, yaani waandika programu, wanaomba humohumo. Nimemweleza mpaka sauti ikakauka. Kurudi nyumbani nikaona bora niyaandike kabisa maana mimi hakuna aliyeniambia, nimeyajua kwa hela yangu, na mengine nimeyajua kwa gharama ya watu ambao hawakuwa na kosa lolote.

Wazo lilianzia kwenye grupu la WhatsApp. Kama umewahi kuwa kwenye haya magrupu ya kazi za IT utakuwa unajua, tangazo linakuja kama picha, limefowadiwa mpaka maandishi yamefifia, huoni tarehe, jina la kampuni limekatwa, chini kuna anwani ya Gmail. Unatuma CV. Kimya. Mwaka 2022 mimi niliomba kazi arobaini na kitu, nikajibiwa tatu. Hao wengine hawakunikataa, hawakusema chochote, na nakumbuka kabisa nilivyokuwa nashtuka usiku wa manane naangalia simu kama kuna imeili imeingia. Unaanza kujiuliza labda CV haikufunguka, labda nilikosea anwani, labda sifai. Ndo nikasema nitengeneze sehemu ambayo mtu akiomba anaona ombi lake limefika wapi: limepokelewa, limesomwa, ameitwa, au hapana. Hicho kipande ndo kilikuwa roho ya kitu chenyewe, na ndo kilichonitesa kuliko vyote.

Nilianza Machi 2023, naandika usiku baada ya kazi, wikiendi zote zimeisha humo. Nilitumia Laravel, yaani vifaa vilivyo tayari vya kujengea tovuti kwa lugha ya PHP, kwa sababu ndo niliyokuwa naijua vizuri, databesi PostgreSQL, seva, ile kompyuta ya mtandaoni inayobeba tovuti, nikakodi ya dola 6 kwa mwezi yenye RAM ya GB 1, na jina la .co.tz nikalilipia mwaka mzima. Malipo ya seva nilikuwa nayapitisha kwenye ile kadi ya mtandaoni ya M-Pesa, na mwaka ule dola ilikuwa shida nchini na inapanda kila ukigeuka, kwa hiyo dola 6 ya Machi na dola 6 ya Desemba kwenye shilingi hazikuwa kitu kimoja. Kama unaanza, weka kwenye hiyo kadi hela ya miezi miwili mbele, usisubiri siku ya makato.

Miezi mitano ilienda kabla sijafungua, na miwili kati ya hiyo niliipoteza kwenye vitu ambavyo hakuna aliyeviomba. Sehemu ya kuchati, alama za ujuzi, rangi za giza za usiku. Mpaka leo chati ile nimeizima.

Kuna kosa moja la kitaalamu nilitaje hapa kwa wanaotumia Laravel maana lilinizalia matatizo mengine mbele. Jedwali la nafasi za kazi nililiita jobs. Ni jina la kawaida kabisa kwa mfumo wa kazi si ndio? Sasa Laravel foleni yake ya kazi za nyuma ya pazia, kama kutuma imeili, nayo kwa kawaida inatumia jedwali linaloitwa jobs. Siku nataka kuwasha foleni nikaambiwa jedwali lipo tayari. Nilikuwa nimechoka, ilikuwa saa nane usiku, nikaachana nayo, nikaacha imeili zitumwe palepale mtu anapobonyeza. Matokeo yake mtu akiomba kazi kurasa inazunguka sekunde ishirini, anadhani imekwama, anabonyeza tena, ombi linaingia mara mbili mara tatu. Baadaye sana ndo nikabadilisha jedwali langu likaitwa nafasi, na hiyo kazi ya kubadilisha ikiwa watu wako ndani tayari ilinichukua siku mbili, wakati mwanzoni ingekuwa dakika tano.

Nikafungua Agosti 2023. Kampuni ya kwanza ilikuwa ya rafiki wa kaka yangu, wanatafuta developa mmoja wa mobaili. Nikatupa linki kwenye magrupu, watu wakaingia kwa kasi, mimi naangalia takwimu nafurahi. Wiki ikaisha maombi ni 9 tu. Nikajipa majibu mwenyewe kwamba watu wanaogopa kujisajili sehemu mpya, nikaanza kubadilisha maneno ya ukurasa wa mbele. Siku ya nane nikapigiwa simu na dada mmoja yuko Arusha, namba yangu aliipata kwenye grupu.

"Samahani kaka, ni wewe mwenye ile tovuti ya kazi? Mimi inanikataa tangu Jumatatu, nikituma inaleta ukurasa mweupe umeandikwa 413."

Nikamwambia anitumie hiyo CV yake. Ilikuwa MB 4 na ushee. Alikuwa ameenda steshenari, akaskani CV pamoja na vyeti vyote vikawekwa kwenye PDF moja, kama ambavyo watu wengi hapa nchini wanafanya. Nginx, programu inayokaa mbele kwenye seva kupokea kila kinachotumwa, ukiiweka tu bila kuigusa haipokei kitu kinachozidi MB 1. Mimi nilikuwa najaribia kwenye laptopu ambako hakuna Nginx mbele, tena kwa CV yangu ya KB 180 niliyoitengeneza mwenyewe. Nikarekebisha Nginx nikamwambia ajaribu tena. Bado. PHP nayo ina kikomo chake cha faili, MB 2 kama hujakibadilisha. Nikarekebisha na hiyo ndo ikakubali. Halafu nikaenda kusoma logi, yaani kumbukumbu za seva, nikakuta watu 22 walijaribu wakakwama palepale na wakaondoka, wengine walijaribu mara sita. Mara sita, kwa bando lao, kila mara fomu inafutika yote wanaanza upya kuandika. Nafasi yenyewe ilikuwa imefungwa jana yake.

Nililia kidogo siku hiyo, sioni haya kusema. Ile hali niliyoikimbia, ya kutuma kitu kikapotelea hewani, nilikuwa nimeijenga mwenyewe na kuiwekea nembo.

Kwa hiyo kama utachukua kitu kimoja kwenye ukurasa huu wote chukua hiki: kabla hujafungua, omba watu kumi CV zao halisi, za simu, za steshenari, za Word ya zamani, zenye jina la faili lenye nafasi na mabano, na uzipitishe kwenye seva yenyewe kwa simu ya bei ya chini na mtandao wa kawaida. Usitumie CV yako. Na fomu ikikataa kitu, iseme kwa Kiswahili nini kimekataa na ibakize alichokwisha andika.

Imeili sasa. Hapa ndo penye kidonda.

Mwanzoni nilitaka seva yangu itume imeili yenyewe moja kwa moja, nikakuta mlango namba 25 umefungwa na wenye seva, wengi wanafunga ili kuzuia matapeli. Nikapitishia kwenye huduma ya kutuma imeili, ile ya bure kwa kiasi fulani kwa mwezi. Zikaanza kutoka lakini zinaangukia kwenye spamu. Nilikuwa sijaweka SPF wala DKIM, yaani yale maandishi unayoweka kwenye mipangilio ya jina la tovuti kuthibitisha kwamba kweli huyu anayetuma ameruhusiwa na wewe. Ni kazi ya nusu saa. Na usidhani ni hiari tena, tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza, kila anayetuma lazima awe angalau na kimojawapo, na anayetuma kuanzia 5,000 kwa siku anatakiwa awe na vyote pamoja na DMARC, maandishi ya tatu yanayosema imeili isiyothibitika ifanywe nini. Weka vyote vitatu hata kama unatuma kumi. Halafu tuma imeili kwenye Gmail yako mpya ambayo haijawahi kukujua uone inaangukia wapi.

Hilo nikalimaliza nikatulia. Jedwali nikawa nimeshabadilisha jina, foleni ikawashwa, kurasa zikawa nyepesi, kila kitu kinaenda. Kumbe kile kiprogramu kinachotoa imeili kwenye foleni nilikiwasha kwa mkono, sikukiweka kwenye Supervisor au kitu chochote cha kukiamsha kikifa. Januari 2024, usiku wa Jumamosi, seva ikajizima na kujiwasha kwa ajili ya matengenezo. Tovuti ikarudi vizuri. Databesi ikarudi. Kiprogramu hakikurudi. Kwa kuwa tovuti inafunguka mimi sikuwa na habari, watu wanaomba, kampuni zinabonyeza "Ita kwenye intavyuu", mfumo unajibu "Ujumbe umetumwa" kwa rangi ya kijani, na ujumbe umekaa kwenye foleni. Siku sita. Ujumbe 63.

Ijumaa jioni niko kwenye daladala natoka Mwenge, simu ikaita namba siijui.

"Shikamoo kaka. Samahani kwa usumbufu. Mimi niliomba ile kazi ya bekendi, sasa leo nimeingia kwenye akaunti yangu nikaona imeandikwa nimeitwa intavyuu Jumatano saa nne asubuhi. Lakini Jumatano imeshapita kaka."

Alikuwa Mbeya, amemaliza chuo mwaka mmoja nyuma, na intavyuu ilikuwa ya mtandaoni, angeweza kuifanya akiwa hukohuko. Nilishuka kituo ambacho sio changu, nikasimama pembeni ya barabara nikawapigia kampuni. Walikuwa wastaarabu, wakaniambia wameshampa mtu mwingine Alhamisi, kwamba huyu kijana walimsubiri dakika ishirini wakajua hana nia. Nikampigia nikamwambia ukweli wote, kwamba kosa ni langu, sio lake wala sio la kampuni. Akakaa kimya kidogo akasema "Sawa kaka, asante kwa kunipigia." Tena kwa upole. Angenitukana ingekuwa nafuu.

Usiku ule nilifanya mambo manne na mpaka leo ndo yanayoshikilia huu mfumo. Kiprogramu kikawekwa chini ya Supervisor. Nikaweka kengele, foleni ikizidi ujumbe 10 au ujumbe ukikaa zaidi ya dakika 15 napata SMS mimi. Neno "Ujumbe umetumwa" nikalifuta, sasa inasema "Unasubiri kutumwa" mpaka uwe umetoka kweli. Na wito wa intavyuu nikautoa kwenye imeili peke yake, sasa unaenda kwa imeili na SMS, ndani kuna kitufe cha "Nimeona", na asipobonyeza ndani ya masaa 24 kampuni inaona alama nyekundu pamoja na namba yake ya simu ili wampigie. SMS ni hela, na kupata jina la mtumaji lisajiliwe kuna makaratasi yake, lakini hilo sijawahi kulijutia hata shilingi moja.

Kuna la muda pia, na hili Waswahili tutaelewana. Seva inahesabu kwa UTC, ile saa ya kimataifa, sisi tuko masaa matatu mbele, na Laravel isipoguswa nayo inakaa UTC. Dedilaini niliyoandika saa 5:59 usiku ikawa inafunga saa 8:59 usiku wetu wa kuamkia kesho yake. Hilo dogo, unabadilisha mpangilio mmoja. Kubwa ni saa yetu yenyewe. Mtu wa kampuni anataka saa sita usiku, kwenye fomu anachagua 06:00, nafasi inafunga alfajiri watu wamelala. Halafu kuna kampuni moja ya Unguja, mzee mwenye kampuni aliniandikia "mwisho usiku wa Ijumaa", mimi kwa akili za bara nikaweka Ijumaa saa tano na dakika 59 usiku. Kwake yeye siku inaanza magharibi, usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa, Alhamisi jioni. Ijumaa asubuhi kabla ya swala wameshachambua CV wamemaliza, na mfumo wangu umeendelea kupokea watu 11 mchana kutwa. Tangu hapo fomu haina tarakimu tupu, ukichagua muda inakuandikia chini kwa maneno: "Nafasi itafungwa Alhamisi tarehe 14 usiku, saa 5:59, kabla ya kuamkia Ijumaa", na mpaka ubonyeze ndiyo. Mzee nilimwomba radhi, akawasoma wale 11 wote, na mmoja akamchukua.

Tarehe 12 Mei 2024 mnaikumbuka wengi, Jumapili ile nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika kule upande wa Afrika Kusini, intaneti Tanzania ikawa kama haipo. Seva yangu iko Ulaya, yenyewe nzima, hakuna wa kuifikia kutoka huku. Nilikuwa na nafasi tatu zinafungwa Jumatatu usiku. Niliwapigia kampuni zote tatu simu ya kawaida, tukasogeza mpaka Ijumaa, na mtandao uliporejea nikawatumia SMS wote waliokuwa wameanza fomu hawajamaliza. Tangu siku hiyo nina kitufe kimoja cha kusogeza dedilaini zote kwa pamoja, na namba za kampuni nimeziandika kwenye daftari la karatasi.

Sasa la aibu kubwa zaidi. CV zote nilikuwa nimeziweka kwenye folda ya wazi, ile unayoiunganisha na amri moja ili picha zionekane kwenye tovuti. Nembo za kampuni zilikaa humo na CV nazo humohumo, majina yake cv_1, cv_2, cv_3. Septemba 2024 developa mmoja aliyeomba kazi akaniandikia saa tano usiku, kwa heshima kabisa: "Mkuu, nimebadilisha namba kwenye linki ya CV yangu nikafungua ya mtu mwingine. Sijaipakua. Nimeona nikuambie wewe kwanza."

Nilizima tovuti nzima ndani ya dakika ishirini. Faili zote nikahamishia folda ya ndani, majina marefu yasiyoweza kubahatishwa, na linki ya kufungulia inaishi dakika kumi tu kwa aliyeruhusiwa. Kisha nikakaa na logi za Nginx mpaka kunakucha kuangalia nani mwingine alipita. Roboti la Google lilikuwa limechukua faili 11. Niliomba ziondolewe kwa kutumia Search Console, chombo cha Google cha wenye tovuti, na muombe mkijua kwamba hiyo njia inazificha kwa miezi kama sita tu, faili lenyewe lazima liwe halipo. Asubuhi nikawaandikia watu wote 212 nikawaeleza kilichotokea, kwa maneno ya kawaida, na wale 11 nikawapigia. Watano walifuta akaunti na nawaelewa.

Fikiria CV ya Kitanzania ina nini ndani. Namba ya NIDA, tarehe ya kuzaliwa, dini, hali ya ndoa, kata unayoishi. Chini kabisa wadhamini watatu na namba zao za simu, mwalimu wako, mchungaji au shehe wako, bosi wa zamani, watu ambao hawajawahi hata kusikia huu mfumo upo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inatumika tangu 1 Mei 2023, na anayekusanya taarifa za watu anatakiwa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mimi nilikuwa nimeisikia nikadhani ni ya mabenki na makampuni ya simu. Nenda usajiliwe kabla, sio baada. Na kusanya kidogo, sasa hivi fomu inakataza kuweka NIDA na dini, wadhamini wanaombwa na kampuni mtu akishafika mwisho, na CV inafutika yenyewe baada ya miezi sita mtu asipoongeza muda.

Matapeli watakuja, hilo halina labda. Wangu walikuja na tangazo la kazi ya kufanyia nyumbani, mshahara wa dola, wakachukua namba za waombaji halafu wakawapigia pembeni kwamba kuna elfu 45 ya mafunzo ya awali, tuma kwenye namba hii. Mmoja alituma. Nilimrudishia mimi mfukoni mwangu kwa sababu tangazo lilipita mikononi mwangu. Siku hizi hakuna kampuni inayoweka nafasi kabla sijaangalia usajili wake BRELA, kwa wasajili wa kampuni, na kuongea na mtu kwa namba ya ofisi, na juu ya kila nafasi kuna mstari mmoja mwekundu kwamba hakuna hela yoyote ya kutoa ili upate kazi. Rafiki zangu wengine walinishauri niwatoze waombaji hata buku mbili mbili maana ndo wengi. Sikukubali na sitakubali. Hata mkataba wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) namba 181 wa mwaka 1997 kuhusu mawakala binafsi wa ajira unasema mfanyakazi asitozwe, lakini bila mkataba wowote, mtu asiye na kazi utamtozaje?

Kuna utapeli mwingine wa heshima ambao ulinichukua muda kuushtukia. Kampuni moja iliwapa watu 14 jaribio la nyumbani la wiki nzima. Mmoja alilalamika, nikaomba nione maswali, nikakuta kila mtu kapewa kitu tofauti: huyu sehemu ya malipo, huyu ripoti, huyu kuingiza stoo, huyu ankara. Ukiunganisha vyote ni mfumo kamili wa duka. Na hakuna aliyeajiriwa. Niliwaondoa, na sheria yangu sasa jaribio ni la masaa matatu mwisho, na waombaji wote wanapewa swali lilelile.

Hela niwe mkweli. Kampuni inalipa 30,000 kwa tangazo kwa lipa namba. Mwaka 2024 matangazo yaliyolipiwa yalikuwa 38, yaani 1,140,000. Matumizi yalikuwa kama milioni moja na laki sita, seva niliyoipandisha, SMS, ada na makaratasi. Bado naifidia na mshahara wangu. Ukiniuliza kama ni biashara nitakwambia bado, na ukianza usiache kazi yako.

Kilichobaki kigumu ni kampuni kujibu. Mfumo unaweza kufikisha kila kitu lakini kama mtu wa HR hafungui, mwombaji anakaa kwenye "limepokelewa" miezi. Niliweka kanuni: siku 21 zikipita ombi halijaguswa, mfumo unamwambia mwombaji ukweli kwamba kampuni haijalifungua, na kampuni haiweki tangazo jipya mpaka imalize ya zamani. Wateja wanne waliondoka kwa hasira. Waliobaki wanajibu.

Na lile jibu la hapana lenyewe nililiandika upya mara nyingi sana. La kwanza lilianza "Tunasikitika kukutaarifu", dada yangu akalisoma akasema hili ni tangazo la msiba. Lingine likawa refu la kutia moyo, watu wakalisoma mpaka mwisho wakidhani wamepata. Lililokaa ni hili: "Habari. Nafasi hii amepewa mtu mwingine. CV yako ilisomwa tarehe 6. Mlioomba mlikuwa 48, walioitwa 5. Asante kwa kuomba." Tarehe na idadi zinatoka kwenye mfumo wenyewe. Sikutegemea lakini watu wanalijibu. Mara nyingi ni neno lilelile moja, asante, angalau nimejua.

Dogo wa Mbeya alipata kazi baadaye, sehemu nyingine, hakupitia kwangu. Akaunti yake bado ipo, aliniambia nisiifute.

Sasa hivi ninachohangaika nacho ni laini za simu. Watu wanabadilisha namba, laini inapotea, SMS inaenda kwa mtu mwingine. Kwa hiyo kila Alhamisi jioni nikitoka kazini nafungua orodha ya walioitwa intavyuu ambao hawajabonyeza "Nimeona", nawapigia mmoja mmoja mwenyewe. Wiki hii walikuwa wanne. Watatu wamepokea. Wa nne simu haipatikani, imeili nimetuma mara mbili, kesho nitaamka nimpigie tena kabla ya saa tatu. Intavyuu yake ni saa tano.